Komba wa Rondo na watu wa fito

Watu wa pwani wanamjua komba kwa ulevi: usiku anapanda mnazi, anakunywa tembo la mgema, asubuhi anaokotwa chini hajiwezi. Huyo ni komba mkubwa. Ninayemfuatilia mimi ni komba wa Rondo, jamaa wa mbali wa kima na tumbili, mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Katika komba wote hakuna aliye mdogo kumzidi. Mkia wake una manyoya kama brashi ya kusugulia chupa, na tembo halimhusu. Yeye hula zaidi wadudu.

Alitambuliwa kuwa spishi kamili miaka ya 1990 tu. Si ajabu, maana komba wadogo wanafanana mno. Ukimulika tochi unaona macho mawili yanang'aa, basi. Tunamtofautisha kwa mlio, ambao yeye huutoa haraka haraka, vipande viwili viwili.

Anapatikana Tanzania peke yake, katika vipande vya msitu wa pwani: Rondo, Litipo, Chitoa na Ziwani huko kusini, kisha zaidi ya kilomita 300 kaskazini yake, Pugu, Kazimzumbwi, Pande na Zaraninge. Katikati ni mashamba, barabara na miji, na mnyama wa msituni wa kimo hicho havuki shamba la mihogo kutafuta mwenza.

Mkaa unatajwa sana, na ni haki. Pugu na Kazimzumbwi ziko mlangoni mwa Dar es Salaam, jiji ambalo majiko yake hayazimiki. Lakini kuna uharibifu usiopigiwa kelele. Komba huyu hutafuta riziki chini, mita chache kutoka ardhini, akiruka kutoka shina jembamba hadi jingine. Miti hiyo myembamba ndiyo fito na nguzo za kujengea. Ikishakatwa, miti mikubwa hubaki imesimama, na picha ya setilaiti huonyesha kijani kile kile. Kumbe chini kumekuwa uwanja.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana takwimu za eneo la msitu zinatufariji kuliko inavyostahili. Doria nazo husaka matanuru ya mkaa na magogo ya mbao, kwa sababu yanaonekana. Mwenye mzigo wa fito begani huachwa apite, na ukimuuliza atakwambia hajakata mti.