Oili mpya haiui gia boksi ya gari ya zamani

Kuna hii kauli ya mafundi wengi, eti gari ya otomatiki ikishazeeka usiguse oili ya gia boksi, ukibadilisha tu gia zinaanza kuteleza. Si kweli jamani! Tatizo ni klachi za ndani zilizokwishalika, ila watu wanaikumbuka oili siku gari imeshaanza kuchelewa kuingiza gia, wanaweka mpya haiponi, basi lawama zote kwa oili.

Chomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi, pangusa kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu au kahawia kidogo, badilisha bila woga. Nyeusi, inanuka kuungua na ina chembechembe? Hapo klachi zimeshaondoka, oili haizirudishi.

Cha kuogopa ni ile kuflashi, yaani kuisukuma oili ya zamani itoke kwa mashine ya presha, uchafu uliotulia unaweza kuhama ukaziba valvu. Mwaga kwa nati ya chini tu, pima kilichotoka, kama levo ilikuwa sawa rudisha kiasi hichohicho, na haitoki yote maana nyingi inabaki kwenye toki konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi), kwa hiyo tembelea wiki kadhaa halafu urudie. Na weka aina iliyoandikwa kwenye stiki au kitabu cha gari, Toyota inayotaka oili ya T-IV usiiwekee ya CVT, yaani ya gia boksi za mkanda, hata fundi akiapa.