Morrisons: kutoka meza ya mayai hadi mzigo wa deni

Morrisons ni kampuni ya supamaketi ya Uingereza. Mwaka 1899 mwanzilishi wake, William Morrison, alianza kuuza mayai na siagi katika soko la Rawson mjini Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Mwanawe Ken alikabidhiwa biashara mwaka 1952, akiwa na miaka 21. Mwaka 1958 alifungua duka la kujihudumia katikati ya mji, kila bidhaa ikiwa na bei yake, na mwaka 1961 akageuza jengo la sinema kuwa supamaketi.

Sisi tunaofundisha elimu ya fedha tunairudia mara kwa mara kampuni hii kwa sababu ya jambo moja: ilimiliki mali yake. Majengo mengi yalikuwa yake, machinjio yake, viwanda vya mikate vyake. Hata ilipoingia soko la hisa mwaka 1967, Ken ndiye aliyeendelea kuiongoza.

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 2004. Morrisons, yenye maduka kama 120 hivi, iliinunua Safeway, kampuni nyingine ya supamaketi yenye maduka 479, kwa takriban pauni bilioni 3. Kuziunganisha kampuni mbili zenye mifumo tofauti kuliitoa jasho, ikalazimika kutangaza mara kadhaa kwamba faida ingepungua, kisha ikaingia hasara. Ken alistaafu mwaka 2008. Kwa maoni yangu, hilo halikuwa anguko lenyewe, maana kampuni ilisimama tena.

Kilichoibadilisha kabisa ni mnada wa Oktoba 2021. Kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Clayton, Dubilier & Rice, ilitoa peni 287 (peni 100 ni pauni moja) kwa kila hisa; mshindani wake alitoa 286. Kwa tofauti ya peni moja, Morrisons ikachukuliwa kwa takriban pauni bilioni 7.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mnunuzi wa aina hii hatoi fedha zote mfukoni mwake. Sehemu kubwa hukopwa, na deni huishia kwenye vitabu vya kampuni iliyonunuliwa. Wanahisa wa zamani wanalipwa taslimu na kuondoka. Mauzo ya maziwa na mikate ndiyo yanayobaki kulipa riba ya fedha zilizolinunua duka. Majengo yasiyodaiwa, yaliyokusanywa kwa miongo mingi, ndiyo hasa yanayowavutia wakopeshaji.

Wakati wa mnada, riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25, na kukopa kukawa ghali zaidi. Katikati ya kipindi hicho wateja walibanwa na bei za vyakula, wengi wakahamia maduka ya bei nafuu, na Septemba 2022 Aldi, mojawapo ya maduka hayo, ikaipiku Morrisons na kuchukua nafasi ya nne sokoni.

Mwaka 2024 Morrisons iliuza vituo vyake 337 vya mafuta kwa Motor Fuel Group, kampuni inayoendesha vituo vya mafuta, kwa pauni bilioni 2.5, na fedha hizo zikasaidia kupunguza deni. Maduka mengi yangali wazi, na jina la familia lingali mlangoni.