Je, wajua kwa nini timu ya kikapu iliyofungwa mechi zote bado ina pointi?

Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, timu ya wanawake ya Kanada ilicheza mechi 3 za Kundi B ikafungwa zote: 75-54 na Ufaransa, 70-65 na Australia, 79-70 na Nigeria. Msimamo wa kundi ukaiandikia pointi 3. Kwa mkazi wa Dodoma anayeifuatilia Dodoma Jiji na kuijua hesabu ya soka kwa kichwa, yaani ushindi 3, sare 1, kufungwa 0, hilo linaonekana kama kosa la mwandishi wa msimamo. Si kosa. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinatoa pointi 2 kwa timu iliyoshinda na pointi 1 kwa iliyofungwa.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hiyo pointi 1 ni kifuta jasho. Wengine husema ni zawadi ya kufungwa kwa taabu, kama kwenye mpira wa wavu, ambako timu inayofungwa seti 3-2 hupata pointi 1 lakini inayofungwa 3-0 haipati kitu. Wapo pia wanaodhani imewekwa ili timu dhaifu zisiachwe mbali na zibaki na hamu ya kuendelea na msimu.

Yote matatu hayasimami. Ingekuwa zawadi ya kufungwa kwa taabu, Kanada isingepata pointi ileile kwa kuachwa kwa alama 21 na Ufaransa na kwa kuachwa kwa alama 5 na Australia. Ingekuwa ya kuzibeba timu dhaifu, ingezisogeza karibu na walio juu, na haifanyi hivyo hata kidogo: kila timu inayoingia uwanjani inaipata, mshindi na mshinde, kwa hiyo haimsogezi mtu. Mshindi anapata hiyo 1 kama mwenzake, kisha anaongezewa 1 nyingine kwa kushinda. Ukiisoma hivyo, pointi 2 za ushindi ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, yaani mahudhurio na ushindi.

Sababu ya kuhesabu mahudhurio inaonekana ukitazama namba ya tatu ya mfumo huu, ambayo msimamo wa kawaida hauionyeshi. Kikapu hakina sare. Robo 4 za dakika 10 zikiisha timu zimelingana, inachezwa dakika 5 za nyongeza, na zikilingana tena zinachezwa 5 nyingine, mpaka mmoja ashinde. (Mechi za mikondo miwili zinazoamuliwa kwa jumla ya alama ni suala jingine: huko mkondo wa kwanza unaweza kuisha kwa sare.) Basi matokeo ya uwanjani ni mawili tu, na 1 na 0 zingetosha kuyaandika. Lakini kuna tukio la tatu, nalo ni timu kutofika, au kukataa kucheza. Hiyo ndiyo inayoandikiwa 0, na mpinzani anapewa ushindi wa mezani wa 20-0.

Hapo uzito wake unaonekana. Kufungwa kunakukosesha pointi 1 ambayo ungeipata kwa kushinda. Kutofika kunakukosesha 2. Chukua ligi ya mechi 10. Timu iliyoshinda 6 na kufungwa 4 ina pointi 16. Timu iliyoshinda 6, ikafungwa 3 na kutofika kwenye 1 ina 15, sawa kabisa na timu iliyoshinda 5 na kufungwa 5. Safari moja iliyoshindikana imekula ushindi mzima wa uwanjani.

Kwa timu za kanda ya kati hili si jambo la nadharia. Singida hadi Dodoma ni kama kilomita 240, na gari likiharibika Manyoni, saa ya mechi haisubiri. Kanuni inasema timu inapoteza kwa kutofika ikiwa dakika 15 zimepita tangu muda uliopangwa na haina wachezaji 5 walio tayari kucheza. Watano wanatosha. Kwa hiyo timu yenye watu 12 waliogawanyika kwenye magari mawili iweke wachezaji wasiopungua 5 kwenye gari la kwanza, tena wakiwa na jezi zao. Jezi zote zikiwa kwenye buti la gari la pili, kuwahi kwa la kwanza hakusaidii kitu.

Kuna kosa jingine dogo linaloumiza zaidi. Kocha anatakiwa kukabidhi orodha ya majina na namba za jezi kwa mwandishi wa mchezo angalau dakika 40 kabla ya mechi, na dakika 10 kabla anathibitisha kwa saini na kutaja watano wa kuanza. Mchezaji anayechelewa anaruhusiwa kucheza akifika, hata robo ya tatu, ila kwa sharti kwamba jina lake lilikuwa kwenye ile orodha. Kocha anayeandika majina ya waliopo tu, akidhani wengine watawaongeza wakishuka kwenye gari, anajikuta akicheza mechi nzima na watu 6 huku 6 wengine wakitazama wakiwa wamevaa jezi. Andika wote 12 mapema, waliopo na walio njiani. Ligi nyingi pia zina kanuni zao za mashindano zinazoweza kubadili muda huo, kwa hiyo zisomwe kabla ya msimu kuanza.

Timu ikishaanza mchezo, imeshahudhuria, na maadamu haikatai kuendelea kucheza, kanuni inaliheshimu hilo hadi mwisho. Ukiwa na wachezaji 6, wanne wakatolewa kwa faulo 5 kila mmoja, wawili waliobaki wanaendelea kucheza dhidi ya watano. Akibaki mmoja, mchezo unakoma na mmepoteza, lakini mnapata pointi 1. Kama mpinzani alikuwa anaongoza, matokeo yanabaki yalivyo. Kama mlikuwa mnaongoza ninyi, yanaandikwa 2-0 kwa faida yake.

Sasa tuingie kwenye safu ya pointi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayodanganya macho. Zabibu za Dodoma zikipelekwa mizani kwenye kreti, namba inayosomeka ni zabibu pamoja na kreti. Ukitaka zabibu tupu, unatoa uzito wa kreti. Msimamo wa kikapu ni mizani ya namna hiyo: idadi ya mechi zilizochezwa ni kreti, ushindi ndio zabibu. Timu yenye mechi 10 na pointi 16, toa 10, zinabaki 6, na ndizo mechi ilizoshinda. Kanada ilikuwa na 3. Toa mechi 3, inabaki 0. Mizani ilisoma kreti tupu.

Kreti zote zikiwa na uzito mmoja, yaani timu zote zimecheza mechi sawa, kuzipima na kreti zake hakuharibu mpangilio, kwani aliye mzito anabaki mzito. Ila tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, haitumii pointi hizi. Inapanga timu kwa asilimia ya ushindi. Msimu wa 2025 kila timu ilicheza mechi 44. Minnesota Lynx waliongoza kwa kushinda 34 na kufungwa 10, na Dallas Wings walishinda 10 na kufungwa 34. Waandikie hesabu ya FIBA: Lynx 78, Wings 54. Ukitazama 78 na 54 unadhani hawa wanakaribiana, ilhali mmoja ameshinda zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Tatizo halisi linakuja kreti zikitofautiana uzito, na ligi ya mkoa katikati ya msimu ndivyo inavyokuwa: mechi zinaahirishwa, uwanja unakuwa na shughuli nyingine, timu ya chuo inaingia kwenye mitihani. Tuseme timu moja imecheza 8, imeshinda 3 na kufungwa 5. Ina pointi 11. Nyingine imecheza 5 na kushinda zote. Ina pointi 10. Msimamo ukipangwa kwa pointi peke yake, aliyefungwa mara 5 anakaa juu ya asiyefungwa hata mara moja. Katikati ya msimu, soma kwanza safu ya kufungwa, au gawanya ushindi kwa idadi ya mechi. Pointi ziache mpaka ratiba ilingane.

Timu zikilingana pointi mwishoni, wengi wanakimbilia tofauti ya alama ya msimu mzima, kama tofauti ya mabao kwenye soka. Kikapu hakianzii huko. Kinachukua timu zilizolingana peke yake na kuzitengenezea msimamo mdogo wa mechi walizokutana wao kwa wao. Zikiwa mbili, aliyemfunga mwenzake yuko juu. Zikiwa tatu na zimefungana kwa kuzunguka, ndipo inahesabiwa tofauti ya alama, lakini ya zile mechi zao tu.

Kundi B la Paris lilifikia hapohapo, na ni mfano mzuri kuliko wowote wa kutunga. Nigeria iliifunga Australia 75-62. Ufaransa ikaifunga Nigeria 75-54. Australia ikaifunga Ufaransa 79-72. Wote watatu waliifunga Kanada, wakamaliza na pointi 5 kila mmoja. Zitoe mechi za Kanada, zibaki hizo tatu. Ufaransa ina jumla ya 147 kwa 133, yaani +14. Australia ina 141 kwa 147, yaani −6. Nigeria ina 129 kwa 137, yaani −8. Ufaransa wa kwanza, Australia wa pili, Nigeria wa tatu, ingawa Nigeria iliifunga Australia kwa alama 13.

Zirudishe sasa mechi za Kanada. Nigeria inakuwa na 208 kwa 207, yaani +1. Australia inakuwa na 211 kwa 212, yaani −1. Kwa hesabu ya aina ya soka, Nigeria angekuwa wa pili.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Tofauti zote tatu hazikulingana, kwa hiyo watatu wote walipangwa kwa mkupuo mmoja. Lakini kanuni inasema wawili wakibaki wamelingana baada ya mmoja kutengwa, hesabu inaanza upya kati ya hao wawili. Nigeria ingefungwa na Ufaransa kwa alama 19 badala ya 21, ingekuwa na −6 sawa na Australia. Hao wawili wangerudi kwenye mechi yao, na 75-62 ingeipa Nigeria nafasi ya pili. Kikapu kimoja cha alama 2, katika mechi iliyokwisha kupotea, ndicho kilichopungua. Kwenye robo fainali, aliyemaliza wa tatu alikutanishwa, kwa droo, na mmoja wa vinara wawili bora wa makundi. Nigeria, timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya kikapu cha Olimpiki, ikapewa Marekani na kufungwa 88-74. Australia ikapewa Serbia, ikaifunga 85-67, na baadaye ikachukua shaba.

Ndiyo maana kocha makini hawaachi wachezaji walegee wakiwa nyuma kwa 15 dakika 2 kabla ya mwisho, na anayeongoza kwa 15 naye haachi. Ndiyo maana pia ushindi wa mezani unaweza kumuuma hata aliyeupata. Anaandikiwa 20-0, na kama wenzake waliifunga timu hiyohiyo kwa 45, kwenye tofauti ya alama za mechi zote, hesabu ikifika huko, ameachwa alama 25 bila kugusa mpira.

Timu ikishindwa kufika mara ya pili katika mashindano yaleyale, inaondolewa na matokeo ya mechi zake zote yanafutwa. Waliowahi kuifunga wanapoteza pointi 2, waliowahi kufungwa nayo wanapoteza 1, na ambao hawajakutana nayo hawapotezi kitu. Safu nzima inabadilika kwa siku moja, kwa hiyo katibu wa timu atunze nakala ya karatasi ya matokeo ya kila mechi, na akague hesabu mpya mstari kwa mstari kabla ya kuipokea.