Dawa mpya ya sonona sugu bado iko mtihanini

Wenzangu hapa Moshi wakiniuliza kuhusu dawa mpya za sonona sugu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito usiosikia dawa, swali lao huwa moja: "Imeshaidhinishwa?" Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kufuatilia madhara ya dawa, na ninalotaka kujua ni nani ataendelea kuiangalia ikishaidhinishwa.

Sonona huitwa sugu pale mgonjwa anapokuwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kwa dozi na muda wa kutosha, asipate nafuu ya maana. Machi 2019 Marekani iliidhinisha kwa ajili ya watu hawa esketamini ya kupuliza puani, ndugu wa karibu wa ketamini ambayo vyumba vyetu vya upasuaji vinaijua kama dawa ya usingizi. Masharti yake ni makali. Mgonjwa anajipulizia kliniki mbele ya mhudumu, anabaki chini ya uangalizi kwa saa mbili au zaidi, na haruhusiwi kuendesha chombo mpaka kesho yake, baada ya kulala vizuri. Presha inapimwa kabla ya dozi, kisha tena dakika 40 hivi baadaye, maana hapo ndipo hupanda zaidi. Wapo wanaosinzia sana, na wapo wanaojihisi kama wametoka nje ya miili yao.

Huo ni uangalizi wa siku moja. Wa miaka ni mgumu zaidi. Tuseme dawa imejaribiwa kwa watu 3,000 na dhara fulani halikutokea hata mara moja. Kihesabu, dhara hilo bado linaweza kumpata mtu mmoja katika kila 1,000. Tena majaribio huchagua watu: mjamzito huachwa nje, mwenye presha isiyotulia huachwa nje. Dawa ikiingia mtaani, inakutana na wote hao.

Kwenye sonona kuna ugumu mwingine unaoniumiza: dhara hujificha ndani ya ugonjwa. Mgonjwa akiwa mchovu, akikosa usingizi, akipoteza hamu ya tendo la ndoa, nyumbani wanasema ndiyo ugonjwa wake huo. Hata mawazo ya kujiua yanaweza kupita hivyo hivyo, ingawa tangu 2004 Marekani iliagiza dawa za sonona ziwe na onyo kwamba zinaweza kuyaongeza kwa watoto na vijana. Kwa mgonjwa mmoja ni vigumu mno kutenganisha dawa na ugonjwa. Zinahitajika taarifa nyingi, zikutane mahali pamoja.

Ndiyo maana nasisitiza namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee wa Kibosho kama anakunywa pombe, atakujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu mbege, pombe ya ndizi, kwake ni chakula. Muulize jana alikunywa mbege kiasi gani, maana kilevi huongeza usingizi wa dawa. Kibofu nacho: matumizi ya muda mrefu ya ketamini yanajulikana kukiumiza, mtu akapata maumivu na kwenda haja ndogo kila mara. Nani atayasema hayo mbele ya binti yake aliyemsindikiza? Mimi humwomba binti atupishe kidogo, ndipo naanza upya.

Kinachosemwa hapo nakiandika kwenye fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini. Wahudumu wengi huiacha wakisubiri uhakika, na hilo ni kosa. Fomu inataka shaka tu. Tanzania imo tangu 1993 katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, ambao taarifa zake hukusanywa Uppsala, Sweden. Shaka ya Moshi huwekwa pale karibu na ya Brazili na ya India.

Kliniki inayofikiria tiba hii ianze na mambo madogo: kiti cha kupumzikia saa mbili, mashine ya presha inayofanya kazi, mhudumu asiyeitwa kwingine. Kisha imuulize mgonjwa anarudije Marangu. Kama ni kwa bodaboda yake mwenyewe, siku hiyo asipewe dozi.