Filamu ya vita, na neno "halisi" tunalolitumia ovyo

Nimelisikia tena majuzi, safari hii kwa kijana anayetafuta fedha za kutengeneza filamu ya Vita Kuu ya Kwanza katika ardhi yetu. "Filamu yetu ina uhalisia asilimia mia," akaniambia. "Sare tumeshona upya, bunduki ni za aina ileile." Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana kazi yake naipenda na ningependa ifanikiwe. Ila neno alilolishika silo.

Kwa kifupi: uhalisi ni kitu kuwa chenyewe, hakikuchanganywa wala hakikughushiwa. Uhalisia ni mtindo wa sanaa, ule wa kusawiri maisha kama watu wanavyoyaishi; wanafunzi wa fasihi wanaujua. Ukweli ni mambo yaliyotokea. Na mavazi yakilingana na picha za zamani, huo ni usahihi. Maneno manne, kazi nne.

Linaloniuma zaidi ni kufanya halisi na kweli kuwa neno moja. Halisi tumelipata kwenye Kiarabu, khalis, yaani safi, kisicho na mchanganyiko. Mzizi huohuo ndio uliotupa ikhlasi, nia isiyochanganyika na ria, yaani kujionyesha. Ndiyo maana mpaka leo neno hili liko nyumbani zaidi sokoni. Mteja anainua chupa ya asali, anaigeuza juani, anauliza: "Hii halisi?" Haulizi kama asali ipo. Anaiona. Anauliza kama imetiwa maji ya sukari. Kinyume cha kweli ni uongo, lakini kinyume cha halisi ni kilichochakachuliwa. Basi filamu inaweza kuwa na matukio ya kweli tupu, kila tarehe mahali pake, na bado isiwe halisi. Na askari wa kubuni, ambaye hakupata kuishi, anaweza kuwa halisi kabisa.

Kijana alinionyesha kipande kimoja kwenye simu. Ni mwaka 1917, jeshi la Wajerumani linarudi nyuma kuelekea mto Ruvuma. Askari sita, Waafrika wa jeshi hilo, wamezunguka moto, wanaume peke yao, wanakula kimya. Kofia ziko sawa, na kitambaa cha kufunika shingo kipo. Hata zile bunduki za zamani za mwaka 1871 amezipata, zilizotumia baruti ya moshi mwingi uliomfichulia adui mahali mpigaji alipo. Kazi nzuri sana.

Nikamuuliza: chakula hicho kapika nani?

Askari wa jeshi lile alipewa posho ya nafaka. Aliyeitwanga, akaisaga na kuipika alikuwa mkewe, au kijana wake wa kazi. Kampuni ikihama, wake na watoto walihama nayo, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Wapo waliojifungua safarini, na safari haikusimama. Ukiwaondoa hao, askari wako hana nyumba wala tumbo, na hana sababu ya kuendelea kutembea miaka minne. Novemba 1917, kabla ya kuvuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, Msumbiji ya leo, jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipunguza jeshi kwa sababu chakula na risasi vilikuwa vimepungua mno. Wagonjwa na wengine wengi wakaachwa nyuma wachukuliwe na Waingereza. Hebu fikiria usiku ule kambini: mume yumo kwenye orodha ya kuvuka, mtoto ana homa. Hapo ndipo filamu ilipo, na kijana wangu alikuwa amepapita mbio ili afike kwenye mapigano.

Si yeye wa kwanza kuwasahau. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowakumbuka askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi wana hata mtaa, kwani jina Kariakoo limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza. Wake hawamo katika maandishi yale. Wala hawamo wale wa vijijini walionyang'anywa nafaka na majeshi yote mawili, mpaka Ugogo wakapata ile njaa waliyoiita Mtunya. Nao walikuwa na wana vitani.

Neno askari lenyewe lingetukumbusha. Kwa Kiarabu, askar ni jeshi zima, kundi, na askari ni mmoja wa kundi hilo. Sisi tumebaki na mtu mmoja mwenye bunduki.

Kwa hiyo nilimshauri kijana hivi. Sare azibakize, amezihangaikia. Kwenye andiko lake la kuomba fedha, pale palipoandikwa "uhalisia asilimia mia", aandike "usahihi wa sare na silaha", kwa sababu ndicho alicho nacho kwa sasa, na si kidogo. Kile kipande cha moto akipige upya. Amwongeze mwanamke mmoja anayepepeta, akiwa na mtoto aliyelala mgongoni, na askari mmoja anayemwambia, "Mama Fulani, usimwamshe, bado tuna safari." Neno halisi aliweke akiba mpaka hapo.