Breki za ubongo ndo zinazopiga mdundo

Ukisikia "mawimbi ya ubongo", yaani midundo ya umeme ya seli nyingi za ubongo kwa pamoja, ni rahisi kuwaza seli zinawaka tu kwa wingi, zikiwaka sana basi wimbi kubwa. Mi mwenyewe niliamini hivyo muda mrefu. Kumbe mara nyingi anayeshika mdundo ni zile seli ambazo kazi yake ni kuzinyamazisha zingine.

Zinaitwa niuroni zuizi (niuroni ni seli ya neva). Kwenye gamba la ubongo, lile tabaka la nje, ni chache, kama 1 kati ya 5 hivi, zilizobaki nyingi ni za kuchochea. Niuroni zuizi ikifyatua, yaani ikitoa mpigo mfupi wa umeme, inamwaga kemikali inaitwa GABA, GABA ikigusa seli jirani inafungua vijimlango kwenye utando wake, chembe za kloraidi zenye chaji hasi zinaingia, na hapo hiyo seli inapata shida kufyatua hata ikichochewa. Breki kabisa.

Sasa breki inaletaje mdundo? Ishu yote iko kwenye muda. Chukulia ukumbi umejaa watu wanapiga stori, kila mtu na lake, ukiwa nje unasikia kelele tu isiyo na mpangilio. Akatokea mtu akasema shhh, wote kimya, ila hiyo shhh ina nguvu kwa muda mfupi tu halafu inaisha, na ikiisha inaisha kwa wote, kwa hiyo wanaanza kuongea tena kwa pamoja, kelele inampandisha tena yule jamaa, shhh, kimya, na mzunguko unaendelea. Hakuna aliyewapangia waanze pamoja, wamepangwa na kule kunyamazishwa pamoja. Kwenye ubongo duru moja ya hivyo ikichukua milisekunde 25 unapata mara 40 kwa sekunde, na hayo ndo mawimbi ya gama. GABA ikikawia kuisha nguvu, mdundo nao unapoa.

Mabingwa wa hii kazi ni seli kikapu, zimeitwa hivyo kwa sababu ncha zake zinauzunguka mwili wa seli nyingine kama kikapu. Moja tu inafikia mamia ya seli, na ina spidi balaa. Mwaka 2009 watafiti walizifanya seli za aina hii kwenye panya zifyatue kwa kumulikwa mwanga, gama ikapanda. Walipomulika zile za kuchochea, gama haikupanda hivyo, kilichoongezeka ni midundo ya taratibu. Kwangu mimi huo ndo ushahidi mtamu kuliko wote.

Usingizini kuna kali zaidi. Ndani kabisa ya ubongo kuna thalamasi, kituo cha kupitisha taarifa kwenda kwenye gamba, na imezungukwa na tabaka jembamba la seli ambazo zote ni zuizi, zinazikandamiza seli za jirani mpaka chini kabisa, na hizo zikiachiwa hazirudi polepole, zinaruka na kufyatua mfululizo zenyewe, kama springi. Zikiruka zinaziamsha tena zile zuizi, zinakandamizwa upya, na ukipima EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kwa vitambuzi vya kichwani) unaona vifurushi vya mawimbi kama 11 hadi 15 kwa sekunde vinakuja na kupotea. Yaani hapo kuzuiwa ndo kumekuwa kichocheo.

Ndo maana dawa zinazogusa GABA zinabadilisha mawimbi, mfano diazepamu inaongeza nguvu ya breki na kwenye EEG midundo ya haraka ya beta inaonekana zaidi. Na kuna kifafa kikali cha watoto kinaitwa Dravet, wengi wao wana hitilafu kwenye jeni la SCN1A, ambalo linatengeneza milango ya sodiamu inayotegemewa sana na niuroni zuizi ili zifyatue. Breki zinalegea. Cha ajabu, dawa kadhaa za kawaida za kifafa zinafanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu, na kwa hawa watoto zinaweza kuongeza degedege, kwa sababu zinazidi kuzilegeza breki ambazo tayari zimeshalegea.