Makosa ya Kiswahili mitandaoni: dhana potofu na ukweli wake

Dhana inayonisumbua kuliko zote katika kazi ya uhariri hapa Dodoma ni ile inayodai kwamba maadamu msomaji ameelewa, sarufi haina umuhimu. Ukweli ni kwamba msomaji huelewa kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Chukua tangazo linalowaambia wakulima wa mahindi wa Kongwa kwamba mkulima ambaye hajajiandikisha hatapata mbolea ya ruzuku. Ikidondoshwa h ya neno "hatapata", kama inavyodondoshwa kila siku mitandaoni, tangazo hilo hilo linamwahidi mbolea yule yule lililokusudia kumnyima. Katika nafsi ya tatu umoja, wakati ujao, herufi hiyo moja ndiyo inayotenganisha kukanusha na kukubali, na mkulima aliyesafiri kutoka kijijini kwa sababu ya tangazo hilo hana kosa lolote.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaokata kitenzi vipande viwili. Katibu "anapanga" mkutano, lakini katibu akiandikiwa kwamba "ana panga", ameshikishwa silaha. Wanaochanganya r na l nao huibadili haki ya kura kuwa haki ya kula. Najua wengi huyachukulia haya kuwa madogo. Mimi siwezi, kwa sababu taarifa za umma, za afya na za kilimo sasa huwafikia watu kwa simu kabla hazijabandikwa kwenye ubao wa kijiji.

Dhana ya pili hutuumiza sisi wa bara: kwamba Kiswahili kibovu kinatokana na lugha zetu za asili, na kwamba ufasaha ni mali ya watu wa pwani. Ni kweli kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na kwamba kazi ya kukisanifisha ilikabidhiwa kamati ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Hata hivyo, usanifu ni jambo la kujifunza, na hata mzaliwa wa pwani mwenye lahaja yake hujifunza shuleni namna ya kuandika Kiswahili sanifu. Tena Kigogo na Kirangi ni lugha za Kibantu zenye ngeli na upatanisho wake, hivyo Mgogo anayeandika "kitabu yangu" hakulitoa kosa hilo kwa bibi yake. Lugha aliyolelewa nayo ilikwisha kumfundisha kwamba nomino hutawala maneno yanayoifuata.

Wapo pia wanaoamini kwamba vifupisho vya vijana ndivyo vinavyoiua lugha. Sioni hivyo. Anayemfupishia rafiki yake ujumbe anajua anachofupisha. Tatizo ni anayeandika "ambaye aliyekuja" katika barua ya ofisi akidhani ameongeza uzito, ilhali ameweka virejeshi viwili, "ambaye" na "-ye-", pale ambapo kimoja kingetosha.

Wengine huitegemea programu ya kusahihisha tahajia. Programu ya kawaida hulipima kila neno peke yake, na "atapata", "ana", "panga" na "kula" yote ni maneno halali, kwa hiyo makosa hatari zaidi hupita bila kupigiwa mstari.

Kwa upande mwingine, si kila kinachokemewa ni kosa. Nimeona watu wakisahihishwa hadharani kwa kuandika "rafiki yangu", eti kiumbe hai lazima kiwe "wangu", ilhali "rafiki yangu" ndiyo sahihi, pamoja na "rafiki huyu amefika". Msahihishaji asiyejua kanuni humnyamazisha mtu aliyeandika vizuri.

Ushauri unaotolewa sana ni kuisoma kazi kwa sauti kabla ya kuituma. Unasaidia kunasa upatanisho uliovunjika na sentensi zisizo na mwisho, lakini aliyezoea kutamka bila h hataisikia ikikosekana. Huyo hana budi kurudi kwenye kila kitenzi cha kukanusha na kukitazama kiambishi chake kwa macho.